Mngurumo wa wiki ya saba: uchambuzi wa kisa cha mbwa aliyeasiliwa

Kisa hiki kinahusu mbwa jike mmoja, familia ya watu wanne, na sentensi moja niliyoiandika kwenye fomu ya makabidhiano bila kuifikiria vya kutosha. Sentensi yenyewe ilisema: "Hana tatizo la kulinda chakula." Wiki saba baada ya kuondoka kituoni, mbwa huyo alimngurumia mtoto wa miaka tisa kwa sababu ya mfupa, na siku mbili baadaye akamng'ata baba wa nyumba mkononi. Mimi ni mfanyakazi wa kujitolea katika kituo cha kuokoa mbwa, na kazi yangu ni kuwafuatilia mbwa wakishaasiliwa. Familia imeniruhusu kukieleza kisa hiki kwa sharti kwamba nisitaje jina la mtu yeyote. Jina la mbwa, bibi wa nyumba hiyo alisisitiza libaki kama lilivyo.

Jina hilo ni Sijali. Alipewa na watunzaji wa mabanda katika wiki yake ya kwanza, kwa utani, kwa kuwa lolote lililotendeka mbele ya banda lake halikumfanya ageuze kichwa. Mbwa wenzake walibweka chakula kilipoletwa. Yeye alilala akitazama ukuta. Mlango ulifunguliwa, mtu akaingia na ufagio, akafagia, akatoka, na yeye hakuinuka. Sote tulilicheka jina hilo, na sote tuliamini tulichokuwa tunakitamka, yaani kwamba huyu ni mbwa asiye na makuu.

Mwili na fomu

Sijali aliletwa kituoni akiwa na kilo 14, ilhali kwa umbo la mifupa yake alistahili kuwa na kilo 19 hivi. Kwenye kipimo cha alama 1 hadi 9 ambacho madaktari wa wanyama hukitumia kukadiria unene wa mbwa, alipewa alama 2: mbavu, nyonga na uti wa mgongo vilionekana kwa urahisi. Umri wake ulikadiriwa kwa meno kuwa miaka mitatu au minne, makadirio ambayo hayafai kuaminiwa sana, kwa kuwa mbwa huwa ameota meno yake yote 42 ya ukubwani afikishapo takriban miezi saba, na baada ya hapo daktari hubaki kutazama ulikaji na ukoga, mambo yanayotegemea zaidi mbwa amekuwa akitafuna nini. Chuchu zilionyesha kwamba alikwisha kuzaa, huenda zaidi ya mara moja. Hakukutwa na mtoto hata mmoja.

Masikio na vidole vyake vilijaa kupe, na kipimo cha damu kilionyesha ugonjwa unaoenezwa na kupe ambao hupunguza chembe za kugandisha damu. Kwa hali hiyo asingeweza kupasuliwa mara moja ili kufungwa kizazi. Alimeza doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, kwa siku 28, damu ikapimwa tena, ndipo upasuaji ukafanyika. Chakula nacho alipewa kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, kwa sababu mwili uliozoea njaa ukishindiliwa chakula kingi kwa ghafla madini ya damu huvurugika, fosfeti hasa, na mnyama anaweza kufa mbele ya bakuli lililojaa. Alichanjwa kichaa cha mbwa na magonjwa mengine ya kawaida. Kufikia wiki ya nane alikuwa na kilo 17.

Hayo yote yalikwenda vizuri, na ni haki niseme hivyo kabla sijaanza kulaumu. Kituo chetu kinajua kutibu kupe. Kinachotushinda ni kumsoma mbwa aliye bandani.

Katika wiki ya sita Sijali alifanyiwa kipimo cha tabia. Mtathmini humwekea mbwa bakuli la chakula, kisha kwa mkono wa plastiki uliofungwa kwenye fimbo huligusa bakuli, hulivuta, na kumgusa mbwa shavuni anapokula. Mbwa anayekauka mwili, anayeongeza kasi ya kumeza, anayenguruma au anayeushambulia mkono huo huandikwa kuwa analinda chakula. Sijali alipoona mkono unakaribia aliacha kula, akarudi ukutani, akalala. Mtathmini akaweka tiki. Nami, niliyekuwa mwandishi siku hiyo, nikaigeuza tiki kuwa sentensi ile.

Sasa tazama tulichokuwa nacho mbele yetu. Mbwa ambaye wiki sita kabla alikuwa mifupa mitupu anaachia chakula kwa sababu kipande cha plastiki kimekisogelea. Njaa haikuwa imemtoka. Alikuwa amekwisha kuamua kwamba kushindana hakumsaidii. Hali ya kulala ukitazama ukuta, bila kuomba wala kukataa, huonekana kama upole kwa mtu anayetafuta upole, na sisi tulikuwa tunautafuta, kwa sababu mbwa mpole huchukuliwa upesi na banda likapata nafasi.

Hata bila kisa hiki tulikuwa na sababu za kutilia shaka tiki yetu. Kotisoli, homoni inayopanda mwili unapokuwa katika msongo, hubaki juu kwa mbwa wengi wanaoishi vituoni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulipima homoni hiyo kwenye mkojo wa mbwa wa vituo kadhaa vya Marekani waliochukuliwa kulala nyumbani kwa watu usiku mmoja au mawili: ilishuka walipokuwa nyumbani, na waliporejeshwa kituoni ikapanda tena hadi ilipokuwa. Utafiti mwingine wa huko huko Marekani, wa mwaka 2013, uliwafuatilia mbwa karibu mia moja waliopimwa kwa bakuli kama alivyopimwa Sijali. Kati ya walioonekana kulinda chakula kituoni, takriban nusu tu ndio waliofanya hivyo nyumbani. Na kati ya waliofaulu, takriban mmoja kwa kila watano alilinda chakula alipofika nyumbani. Kwa maneno mengine, kipimo kinaeleza jinsi mbwa anavyokula bandani. Mimi nilikiandika kana kwamba kinaeleza jinsi atakavyokula chini ya meza ya watu.

Nyumbani, kabla ya tatizo

Familia iliyomchukua ilikuja na hitaji moja lililo wazi, nalo ni mbwa mtulivu. Bibi, mama mzazi wa mke, alikuwa amefanyiwa upasuaji wa nyonga na aliogopa kuangushwa. Baba alikuwa amekua na mbwa wa ulinzi na aliamini anawajua mbwa. Mtoto, msichana wa miaka tisa, alikuwa ameomba mbwa kwa miaka miwili na alikuja na daftari lenye kichwa cha habari kilichopambwa kwa rangi. Nilipowaonyesha Sijali hawakuhitaji kushawishiwa.

Siku za kwanza alikaa nyuma ya kochi. Alikula usiku tu, taa zikishazimwa. Sakafu ya vigae ilimtisha, akawa anatembea kwa kujibanza ukutani, na sauti ya televisheni ilimfanya atetemeke. Hili halikunishangaza. John Paul Scott na John Fuller, waliochunguza makuzi ya mbwa kwa miaka mingi huko Bar Harbor, jimbo la Maine, walionyesha kwamba kitoto cha mbwa hujifunza kipi ni cha kawaida duniani hasa kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi. Asichokutana nacho wakati huo hukipokea baadaye kwa hofu. Inaelekea kwamba nyumba, kwa maana ya sakafu, kuta na vyombo vinavyolia, haikuwemo katika wiki hizo za Sijali.

Nilikuwa nimewaomba wamwache, wapite njia zile zile kwa saa zile zile, wasimwinamie wala kumkodolea macho. Walitii kwa kiasi kikubwa, isipokuwa siku ya tatu, walipokuja ndugu wapatao kumi kumwona mgeni. Sijali alijikojolea alipolala, hakuinuka, akaguswa na kila mkono uliotaka kumgusa. Wageni wakaondoka wakisema ni mpole ajabu. Methali humpa mgeni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Kwa mbwa aliyeokolewa hesabu hiyo ni fupi mno. Vituo vingi husema siku tatu za kutulia, wiki tatu za kuzoea, miezi mitatu ya kujiona yuko kwake. Hiyo si sheria ya sayansi na sipendi inavyonukuliwa kama kalenda, lakini inasaidia kwa jambo moja, kwamba inamzuia mtu kutoa hukumu mapema, iwe ya sifa au ya lawama.

Kisha ikaja wiki ya nne, na hapa sitaki kupita haraka. Mtoto alikuwa akiandika kila siku, na ninanukuu kutoka daftari lake kwa idhini yake. "Siku ya 24: ametikisa mkia, ncha tu." "Siku ya 27: ametikisa mkia wote." "Siku ya 31: ameiba kandambili ya Bibi akakimbia nayo mpaka mlangoni, halafu akasimama kutuangalia kama tutamkimbiza." "Siku ya 36: amelala chali." "Siku ya 38: anatafuna upande mmoja." "Siku ya 40: amebweka mara ya kwanza, tumeshtuka sote na yeye pia."

Bibi, ambaye hakuwa amemtaka mbwa, ndiye aliyechaguliwa. Ukitafakari utaona hakuna muujiza: bibi hukaa mahali pamoja, hatazami sana, hawezi kuinama, na alikuwa na mazoea ya kudondosha kipande cha nyama pembeni mwa kiti chake huku akiendelea na mazungumzo, bila kumwita mbwa wala kusubiri shukrani. Kwa Sijali huyo ndiye binadamu aliyeeleweka kuliko wote. Daktari wa nyonga alikuwa amemsihi bibi atembee kila siku, naye alikuwa akitafuta visingizio. Kuanzia wiki ya tano alitembea, kwa sababu kila alfajiri mbwa alikwenda kulala kando ya mkongojo na kusubiri usogezwe. Mwanzo walifika getini na kurudi, baadaye kwenye kona ya barabara. "Mwanangu," aliniambia kwa simu, "huyu hanihimizi, ila ananitazama tu, na mimi naona aibu."

Naeleza furaha hii kwa urefu kwa sababu ilitangulia tatizo, na kwa sababu vyote viwili vina asili moja. Mbwa anayeiba kandambili na kutazama kama atakimbizwa amegundua kwamba vitu vinaweza kuwa vyake, walau kwa dakika chache. Kufikia wiki ya saba alikuwa na kilo 18.6, kona yake, saa zake na mtu wake. Kwa mara ya kwanza tangu tumjue alikuwa na kitu cha kupoteza.

Sekunde kumi na moja

Tukio la kwanza lilirekodiwa, kwa bahati. Jioni ile Sijali alipewa mfupa, na badala ya kuupeleka nyuma ya kochi kama ilivyokuwa desturi yake, aliupeleka chini ya meza ya chakula, katikati ya familia. Baba alifurahi, akatoa simu. Video ina sekunde 11 na nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri.

Mpaka sekunde ya nne Sijali anatafuna, kichwa kimeinamia kushoto, mfupa umeshikwa kwa miguu ya mbele. Sekunde ya tano penseli ya mtoto inaanguka na kubingirika hadi kwenye mguu wa meza. Sekunde ya sita mbwa anaacha kutafuna. Taya zimesimama juu ya mfupa, mwili umekauka kama wa mtu aliyezuia pumzi. Sekunde ya saba kichwa kinashuka kuufunika mfupa, na pembeni mwa jicho unaonekana weupe, kwa kuwa macho yanamfuata mtoto ilhali kichwa hakigeuki. Sekunde ya nane anajilamba pua. Mkono wa mtoto unaingia chini ya meza. Sekunde ya tisa unasikika mngurumo, mfupi na wa chini, ambao baba alidhani ni kiti kilichoburutwa. Sekunde ya kumi mkono unaendelea, kwa sababu mtoto anatazama penseli. Kisha meno yanagonga hewani, sentimita chache kutoka kwenye sweta, na picha inayumba kuelekea dari.

Hakuna aliyeumia. Mbwa anayekusudia kuushika mkono ulio karibu kiasi hicho haukosi. Sijali alikosa kwa makusudi. Kabla ya hapo alikuwa ametoa ishara nne, na ya tano ilikuwa ya sauti. Kwa mbwa ambaye kituoni hakuwahi kutoa hata moja, hayo yalikuwa mazungumzo marefu.

Baba hakuona hivyo, na simlaumu kwa dakika ile ya kwanza. Aliona meno na mkono wa mwanawe. Alipiga kelele, akamvuta mbwa kwa mkanda wa shingoni, akamfunga nje hadi asubuhi. Ninachokitilia shaka ni kilichofuata. Kesho yake aliamua kumwonyesha mbwa nani mwenye nyumba, kwa kutumia ushauri wa kale ambao bado unasambaa: amnyang'anye bakuli katikati ya mlo, amrudishie, amnyang'anye tena. Mara ya kwanza Sijali alinguruma, akachapwa kofi puani. Mara ya pili alinguruma kidogo, akachapwa tena. Jioni ya siku ya pili hakunguruma. Alikauka, na baba akaona amefaulu, akanyoosha mkono. Meno yalitoboa mahali pawili chini ya kidole gumba.

Kilichofanyika baada ya hapo kilikuwa sahihi, na mke ndiye aliyekisimamia. Jeraha lilioshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha baba akaenda hospitali jioni ile ile. Mbwa, ingawa alikuwa amechanjwa, aliwekwa chini ya uangalizi kwa siku 10, kwa sababu mbwa ambaye mate yake yamekwisha kubeba virusi vya kichaa huonyesha dalili na kufa ndani ya muda huo. Sijali hakuonyesha dalili yoyote. Usiku ule ule wa jeraha nilipigiwa simu.

"Dada," alisema baba, "mliandika kwamba hana tatizo la chakula."

Sikuwa na la kujibu.

Nilivyolisoma tatizo

Nilifika siku iliyofuata. Baba aliniambia jambo ambalo nimelisikia katika nyumba nyingi: kwamba mbwa anajua kosa lake, kwani tangu jana anatembea ameinamisha kichwa, mkia kati ya miguu, akikwepa macho. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz alilipima jambo hili kwa kuwafanya wenye mbwa waamini kwamba mbwa wao wamekula kitu walichokatazwa, wakati mwingine kweli na wakati mwingine sivyo. Sura ya hatia ilionekana zaidi pale mbwa alipokemewa, awe ametenda kosa au hakutenda. Sijali hakuwa anajuta. Alikuwa anamwogopa baba, na alikuwa na sababu.

Kosa lililotuumiza zaidi katika kisa hiki, kwa maoni yangu, ni lile la siku mbili kati ya mngurumo na jeraha. Mngurumo ni onyo. Mbwa anayeadhibiwa kwa kuonya haachi kuogopa kupokonywa, anaacha kuonya. Baba alikuwa amemfundisha kuruka hatua, na alifundisha vizuri, kwa mafunzo ya siku mbili tu. Aidha alithibitisha kile ambacho Sijali alikuwa anakishuku tangu mwanzo: kwamba mkono unaosogelea chakula unakuja kukichukua.

Lakini hesabu yangu ilikuwa na pengo. Mbwa huyu alikuwa amekula mbele ya familia kwa wiki tatu bila ishara yoyote, na bibi alikuwa akipita karibu na bakuli kila siku. Kwa nini mfupa, na kwa nini jioni ile? Nilipokuwa nalipekua daftari la mtoto ili kuhesabu siku, nikafika siku ya 38. Nikaitazama video tena. Kichwa kimeinamia kushoto, na upande wa kulia wa mdomo haufanyi kazi.

Daktari wa wanyama aliinua mdomo wa juu na hakuhitaji muda mrefu. Gego kubwa la juu upande wa kulia, lile la nne katika safu ya magego ya mbele ambalo hufanya kazi ya mkasi, lilikuwa limemeguka bapa zima na kuacha kiini wazi. Ndilo jino ambalo mbwa hulivunja mara kwa mara wanapotafuna mifupa na vitu vigumu, na lina mizizi mitatu, hivyo kuling'oa ni upasuaji kamili wenye nusukaputi na picha za eksirei. Mbwa wengi wenye jino la namna hiyo huendelea kula. Huhamia upande wa pili na kunyamaza. Lilivunjika lini hatukuweza kujua. Sisi kituoni tulikuwa tumeyatazama meno hayo ili kukadiria umri, tukaandika umri.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kusema kwamba jino lilikuwa kila kitu. Halikuwa. Maumivu humfanya mbwa awe na subira fupi, na mbwa mwenye subira fupi hulinda zaidi kile anachokipata kwa taabu, lakini Sijali alinguruma tena wiki tano baada ya kung'olewa jino, kidonda kikiwa kimekwisha kupona. Njaa ya zamani, maumivu mapya, mfupa wenye thamani kubwa, mtoto asiyetazama, na fomu iliyowaambia watu wazima wasiwe na wasiwasi: ondoa kimoja na huenda jioni ile ingepita salama.

Suala la kumrudisha

Familia iliuliza kama wamrudishe, na swali hilo lilistahili jibu la kweli. Kumrudisha mbwa si dhambi. Endapo katika nyumba ile kungekuwa na mtoto anayetambaa, ningesema arudi, kwa sababu mtoto wa umri huo hawezi kufundishwa kukaa mbali na bakuli na mtu mzima hawezi kumwangalia kila sekunde. Endapo jeraha lingekuwa la kina, au mbwa angekuwa ameuma na kung'ang'ania, mazungumzo yangekuwa mengine na magumu zaidi. Hapa tulikuwa na mtoto wa miaka tisa anayeweza kufuata kanuni, jeraha moja lililotokana na mbwa kuchokozwa, na mbwa aliyetoa onyo la wazi kabla hatujamnyima haki ya kulitoa.

Mke alisita. Baba, kwa aibu nadhani, alitaka arudishwe. Bibi alisikiliza yote akiwa kwenye kiti chake, kisha akasema: "Nimeishi na watu walionuna maisha yao yote mezani, na hakuna aliyewarudisha kwao." Mtoto alicheka, mama yake akacheka, na uamuzi ukawa wa kumpa miezi mitatu.

Hatua ya kwanza ilikuwa ya usalama tu. Sijali alilishwa chumbani peke yake, mlango umefungwa, bakuli likichukuliwa akishatoka. Mifupa ilikoma kabisa. Hakuna aliyeruhusiwa kumnyang'anya chochote, hata soksi. Akichukua kitu, anapewa kingine kilicho bora ili akiache kwa hiari. Alizoezwa kuvaa kizuizi cha mdomo, taratibu, kikipakwa chakula ndani, ili siku kikihitajika kisiwe kitisho.

Mafunzo yenyewe hayakuhitaji kubuniwa, kwa sababu bibi alikuwa ameyaanza bila kujua. Mtu anapita umbali wa mita tatu kutoka kwenye bakuli, anarusha kipande cha nyama kitamu kuliko kilichomo, anaendelea na safari yake bila kusimama. Ni kanuni ile ile ya Pavlov, mwanasayansi wa Urusi aliyechunguza jinsi mbwa wanavyojifunza kuhusisha dalili na chakula: jambo lililokuwa dalili ya hasara linageuzwa kuwa dalili ya faida. Umbali ulipunguzwa pale tu mbwa alipokuwa akiinua kichwa kwa matarajio mtu anapokaribia, mwili ukiwa laini. Akikauka, tunarudi nyuma nusu mita. Mke alianza, bibi akafuata, baba akaja wa tatu. Mtoto alisubiri wiki sita, na hata hapo alirusha akiwa amesimama nyuma ya mama yake.

Kwa baba kazi ilikuwa ndefu. Mkono wake ulikuwa na historia, na Sijali alikauka alipomwona hata akiwa mita tano. Alirusha nyama kwa wiki nne kabla ya kufika mita mbili. Katika wiki ya tano baada ya jino kung'olewa alipita karibu kuliko alivyopaswa, na Sijali akanguruma. Mke aliyekuwa anatazama aliniambia kwamba nyumba nzima ilinyamaza. Baba akasimama, akageuka, akaenda zake polepole. Aliponipigia simu alikuwa na sauti ya mtu aliyeshindwa, na nilikuwa na kazi ya kumweleza kwamba hiyo ndiyo habari njema kuliko zote nilizopata katika kisa hiki: mbwa alikuwa amerudisha sauti yake, na safari hii ilisikilizwa.

Hali ilivyo sasa

Ni mwezi wa kumi na moja tangu aasiliwe. Sijali ana kilo 19.4 na analishwa jikoni watu wakiwemo, ingawa bado hakuna anayegusa bakuli. Hapewi mifupa na hatapewa. Wanapokuja watoto wageni huwekwa chumbani kwa bibi, mlango ukiwa na komeo, na familia imeacha kulieleza jambo hilo kwa watu kana kwamba ni msiba. Anaogopa bado fimbo ya ufagio ikiinuliwa. Matembezi ya alfajiri yanaendelea, na yamevuka kona ya barabara.

Fomu yetu ya makabidhiano imebadilishwa. Mahali pa sentensi yangu pana nafasi ya kuandika tulichokiona, siku tuliyokiona, na mbwa alikuwa wapi. Mdomo unakaguliwa jino kwa jino kabla ya mbwa kutoka. Na simu ya ufuatiliaji ambayo zamani ilipigwa wiki ya pili, pindi kila mtu anapokuwa bado anasifu upole, hupigwa tena wiki ya sita na ya nane. Mwenzangu mmoja anaona kwamba fomu mpya itawatisha watu. Imewatisha wawili mpaka sasa.

Daftari la mtoto liliishia siku ya 163. Nilipomuuliza kwa nini aliacha, alifikiri kidogo, akasema hakukuwa tena na kitu kipya cha kuandika.